Okestra ya laptopu na fidla ya Maalim: shajara ya kutunga wimbo mmoja wa polepole

12 Januari 2025: Lengo na vifaa

Ninachotaka ni wimbo mmoja usio na maneno, dakika sita hivi, wa aina ya muziki wa okestra uitwao New Age: fidla nyingi zinazovuta sauti ndefu, piano inayodondosha noti mbili tatu, besi chini kabisa, na huzuni ya kutuliza isiyomliza mtu. Nafanya kazi hotelini kaskazini ya Unguja, na muziki wa namna hii unapigwa kutwa kwenye chumba cha masaji. Nyingi ya nyimbo zile ni maji ya moto yasiyotiwa majani. Lakini mara mojamoja inapita moja inayonisimamisha mlangoni na taulo mkononi. Mradi huu ni wa kutafuta ile moja imefanywaje.

Nimeanza kwa kusikiliza waliotangulia, nikaona njia tatu za kupata okestra. Ya kwanza ni kuwa nayo kweli: Yanni, Mgiriki aliyehamia Marekani, Septemba 1993 alipiga kwenye ukumbi wa kale wa Herodes Atticus, chini ya Akropoli mjini Athens, akiwa na Royal Philharmonic Concert Orchestra ya London na kondakta Shahrdad Rohani. Mfuko wangu hauwezi kulipia hata kiti cha mtazamaji pale. Ya pili ni mashine: zile nyuzi za kudonolewa zilizompa umaarufu mwimbaji Enya wa Ireland mwaka 1988 zilitoka kwenye kinanda cha Roland D-50, na kwaya inayosikika ni sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa tabaka juu ya tabaka. Ya tatu iko katikati. Secret Garden, yaani Rolf Løvland wa Norwei na mpiga fidla Fionnuala Sherry wa Ireland, walishinda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, mwaka 1995 kwa wimbo wenye maneno 24 tu. Muda uliobaki fidla ndiyo iliyosema. Fidla moja ya kweli mbele, wengine wote nyuma. Nimeshika njia hiyo.

Vifaa: laptopu yangu ya zamani yenye RAM ya GB 8, kinanda kidogo cha MIDI, cha kuiandikia kompyuta noti (shilingi 140,000), kadi ya sauti iliyotumika (220,000) na maikrofoni ya kondensa iliyotumika (150,000). Programu ya kurekodia ni Reaper, ambayo ina siku 60 za majaribio, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Okestra ni BBC Symphony Orchestra ya Spitfire, toleo dogo liitwalo Discover: sampuli zake (noti za vyombo vya kweli ambazo kompyuta huzipiga) zilirekodiwa studio za Maida Vale, London, ni bure, na faili lake ni kama MB 200, kwa hiyo hata bando la kawaida linatosha.

2 Februari: Rasimu ya kwanza imetupwa

Niliitunga kwa do maina, skeli (mpangilio wa noti) inayohesabiwa ya huzuni, kwa kodi nne zinazozunguka (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kila kundi la nyuzi limepewa noti zake, kisha nikafungua mwangwi wa ukumbi mkubwa, sekunde sita. Dada yangu akapita mlangoni akauliza, "Nani kafa?"

Hakukosea. Ilikuwa huzuni ya matanga, na juu ya hayo ilikuwa nzito, haieleweki. Nilikaa nayo wiki nzima nikizima chombo kimoja kimoja ili nijue mchafuko unatoka wapi. Majibu ninayaandika kwa urefu, maana ukianza mradi kama huu utakutana nayo yote.

Mchafuko wa chini ulitokana na kubana noti. Nilikuwa nimeweka do, mi bemoli na sol zikiwa zimekaribiana kwenye chelo na besi. Noti za chini zikikaribiana hivyo zinavuruma tu, sikio haliwezi kuzitenganisha. Dawa: besi na chelo zipige noti ileile, moja oktavu juu ya nyingine, na noti inayoamua kama kodi ni meja au maina ipande juu, kwa viola au fidla za pili.

Mwangwi nao ulikuwa unazirudisha zile noti za chini mara ya pili. Niliweka kichujio kwenye njia ya mwangwi peke yake, kikate kila kitu chini ya Hz 250. Sauti halisi ya besi ikabaki palepale, mkia wake ukaondoka. Kazi ya dakika moja, na tofauti yake ni kubwa kuliko programu yoyote ya kulipia.

Tatizo la tatu ndilo lililobadilisha mradi. Kodi zangu zilikuwa zinabadilika zote kwa pamoja, noti nne zinaondoka, nne mpya zinaingia. Kwa sampuli za bure hilo husikika vibaya, kwa sababu kila noti mpya inaanza na mwanzo wake wa upinde, na wapigaji wote wa kompyuta wanavuta pumzi kwa wakati mmoja. Nilianza kuziacha noti zilizo sawa kati ya kodi mbili ziendelee bila kukatwa, na kusogeza noti moja tu kila mara. Hapo nikagundua nyingine: ukiichelewesha hiyo moja, wimbo unabadilika tabia.

Mfano. Natoka do maina kwenda sol. Chelo inashika sol, viola inashika re, lakini fidla zinabaki kwenye do kana kwamba hazijapata habari. Do na re zinasuguana kwa mapigo mawili, kisha do inashuka taratibu hadi noti ya si, na msuguano unaisha. Watunzi wa kanisani Ulaya walifanya hivi karne nyingi kabla ya kompyuta, si siri ya mtu. Lakini nilipoirudisha ile rasimu yangu na kuchelewesha noti moja kila kodi ya pili, dada hakuuliza tena nani kafa. Aliuliza mbona wimbo unasitasita.

Jaribio la kuthibitisha: nikaandika sehemu nzima kwa mi bemoli meja, skeli ya furaha kwa vitabu vyote, nikaiacha fa ichelewe kushuka. Ile sehemu ya meja ndiyo yenye huzuni kuliko zote. Kuanzia hapo nimeacha kutafuta huzuni kwenye maina, naitafuta kwenye noti zinazochelewa kuondoka.

23 Februari: Fidla za kompyuta zinachelewa

Fupi. Sampuli za nyuzi laini zinachukua muda kuvimba, kwa hiyo ukiziandika juu ya pigo zinasikika nyuma ya piano. Dawa ni kuusogeza mstari mzima mbele kwenye mpangilio wa traki. Fidla zangu zimekaa vizuri kwenye milisekunde 120 kabla ya pigo, besi kwenye 90. Usisogeze noti kwa mkono moja moja, utapotea.

Sauti lazima ivimbe na kunywea ndani ya kila noti ndefu. Kuchora mistari ya ukali kwa kipanya hakukufaa, inatoka kama mashine ya kupumulia. Ninapiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye gurudumu la kinanda, na ninarekodi kila kundi peke yake. Makosa madogo ya mkono ndiyo yanayoipa uhai.

Ramadhani inaingia, nasimama hapa.

19 Aprili: Mwangwi wa nyumba ya mawe

Ukumbi wa kompyuta ni mzuri lakini ni ukumbi wa kila mtu. Reaper inakuja na ReaVerb, programu ndogo inayoweza kupewa rekodi ya mlio mmoja mfupi ndani ya chumba, kisha ikaupa muziki wako mwangwi wa chumba hicho. Watu hutumia puto: unalipasua, unarekodi linavyolia mpaka kuta zinyamaze. Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza kina hazina ya bure ya rekodi za namna hii, OpenAIR, lakini mimi nilitaka ngazi za nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti juu, na ngazi zinazopanda ghorofa tatu. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti moja: tusiwaamshe watoto.

Safari ya kwanza ilishindikana yote. Nilirekodi kwa simu ili nisibebe vyombo. Simu hupunguza yenyewe sauti kubwa na kupandisha ndogo, na katika kupasua puto hilo ndilo usilolitaka: mlio unabanwa, mkia unapandishwa, na kwenye mkia huo kulikuwa na kunguru wa mtaa mzima. Mwangwi uliotoka ulikuwa wa sekunde nne za uongo, na kila fidla ikipiga unasikia kwaa, kwaa kwa mbali.

Safari ya pili nilibeba laptopu, kadi ya sauti na maikrofoni, nikaweka kiwango cha kuingilia chini sana. Tukaanza mara baada ya swala ya alfajiri, kabla kunguru hawajaamka vizuri. Puto dogo linatoa mlio mwembamba usio na chini, kwa hiyo tulitumia makubwa ya harusi na kuyajaza mpaka yanakaribia kupasuka yenyewe. Maikrofoni ghorofa ya kwanza, mpasuaji juu ya ngazi. Nilichukua rekodi iliyo safi kuliko zote, nikakata ule mlio wa kwanza kabisa ili kubaki kuta tu, nikaiingiza.

Matokeo: mwangwi mfupi, haufiki sekunde mbili. Chokaa inameza sauti kali za juu, kwa hiyo unatoka wa joto, kidogo wa giza. Kwa wimbo wa polepole ni mfupi mno. Nilijaribu kuurefusha kwa programu ukawa wa bati. Mwisho nimeweka miwili: wa ngazi kwa ajili ya fidla ya mbele na piano, wasikike wamo ndani ya nyumba, na wa ukumbi mrefu kwa okestra ya nyuma tu, sauti yake ikiwa chini. Puto: 4,000.

Mvua za masika zimeanza. Bati la chumba changu haliruhusu kurekodi chochote mpaka mwezi ujao.

11 Mei: Fidla ya kweli, siku ya kwanza

Mpiga fidla ni mzee aliyepiga taarabu miaka mingi, na hapa nitamwita Maalim kama wote wanavyomwita. Nilimpa hedifoni, nikamwekea piano na okestra, na mlio wa kuhesabu mapigo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa upinde.

"Shikamoo Maalim, unaionaje?"

"Marahaba. Nzuri. Lakini mwanangu, fidla umeiita hapa iseme au ishike?"

Sikuwa na jibu, na siku nzima tuliitumia kulitafuta. Taarabu ya Unguja, kwa kufuata mtindo wa firqa (okestra) za Misri, huzipa fidla zote mstari mmoja, na utamu uko kwenye mapambo: kuteleza kuingia kwenye noti, kutetemesha, kuizunguka kabla ya kutua. Alipopiga hivyo juu ya kodi zangu ndefu, fidla ilikuwa nzuri na wimbo ukafa. Nyuma kila kitu kimetulia, mbele kuna mtu anasimulia kisa. Nilipomwomba apige noti tupu bila pambo lolote, ikawa mbaya zaidi. Ilisikika kama sampuli ya tano.

Mlio wa kuhesabu nao ulimkera. Yeye huvuta noti mpaka upinde uishe, na upinde wake hauishi pale hesabu yangu inapoishia.

Kisha robo. Fidla yake ameifunga kwa mtindo wa Kiarabu, sol, re, sol, re, na sikio lake linajua noti zilizo katikati ya vitufe vya piano. Skeli yangu ya maina kwake ni nahawandi, jina la Kiarabu la skeli kama hiyo, hapo hatukugombana. Lakini kila akishuka kutua kwenye noti ya nyumbani, noti ya pili yake anaishusha kidogo, robo ya sauti, ladha ya bayati, skeli nyingine ya Kiarabu, na kwenye okestra yangu ile noti imeshikwa na fidla kumi na sita za London zisizojua robo. Inauma meno.

Nimemlipa 60,000, nikarudi nyumbani na rekodi zisizotumika hata moja.

1 Juni: Siku ya pili, na kilichofanya kazi

Mabadiliko niliyoyafanya katikati ya hapo, kwa mpangilio wa umuhimu.

Nimehamisha wimbo wote kutoka do hadi sol. Kwa jinsi alivyofunga nyuzi, noti ya nyumbani na ya tano yake sasa ziko kwenye nyuzi zilizo wazi. Akipiga sol ya juu, nyuzi asizozigusa zinaitikia zenyewe, na fidla moja inasikika na kivuli chake. Gharama yake: okestra yote ilishuka, na fidla haina noti chini ya sol ya uzi wake wa nne, kwa hiyo mistari kadhaa ya fidla za pili ilibidi iende kwa viola. Kazi ya jioni nyingi. Ningeanza tena, ningemuuliza mpigaji kwanza amefungaje chombo chake, ndipo nichague skeli.

Nimeuondoa mlio wa kuhesabu. Nilimpigia piano peke yake, nikiwa nimeirekodi kwa mkono bila hesabu, inapumua inapotaka. Yeye akapiga juu yake. Kisha kwenye Reaper nikaweka alama za mapigo kufuata rekodi yao, na okestra ya kompyuta ndiyo ikalazimika kuwafuata. Kasi inacheza kati ya mapigo 52 na 60 kwa dakika. Hii nayo ni kazi ya kuchosha, lakini kasi isiyobadilika kabisa ndiyo iliyokuwa inazifanya zile nyimbo za chumba cha masaji zisikike za mashine hata pale okestra ilipokuwa nzuri.

Kuhusu robo nilijaribu mambo mawili. Kwanza nilizishusha noti za la za okestra (la ndiyo noti ya pili ya sol) kwa senti 50, yaani robo ya sauti, kwenye sehemu hizo, zimfuate Maalim. Peke yake ilikuwa sawa. Na piano, chombo chote kilionekana kimelegea. Jaribio la pili lilikuwa kuifuta noti ya la kabisa. Kila mahali anaposhuka kutua, okestra inabaki na sol na re tu, tupu, bila meja wala maina, na piano inanyamaza. Ile la yake ya robo inapita katikati ya nafasi hiyo bila kugusana na mtu, inachelewa, kisha inatua. Ni noti ileile inayochelewa kuondoka niliyoikuta Februari, ila yake haiko kwenye kinanda changu.

Na swali lake nimelijibu kwa kugawa: robo tatu ya wimbo fidla inashika, noti ndefu, pambo moja tu mwishoni mwa kila sentensi; dakika ya nne peke yake inasema, na hapo okestra inashuka mpaka inabaki besi. Maalim alipiga ile dakika mara mbili. Ya kwanza ndiyo niliyoichukua, ina mkwaruzo wa upinde mwanzoni na sitausafisha.

13 Julai: Kuchanganya

Nilisukuma sauti ya jumla mpaka LUFS -9 (kipimo cha ukubwa wa sauti; ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi) ili wimbo usionekane dhaifu kando ya nyingine. Kilichokufa ni kuvimba na kunywea kote nilikokufanyia kazi tangu Februari. Na ni bure: Spotify, kwa mfano, hurudisha nyimbo zenye nguvu kwenye -14, kwa hiyo unabanwa halafu unashushwa. Nimetoa kibanio chote, yaani programu inayobana sauti kubwa, kwenye mchanganyo wa mwisho, wimbo umekaa kwenye -18.

Jaribio la kweli lilikuwa chumba cha masaji, kabla ya wageni. Kiyoyozi kilimeza dakika nzima ya kwanza. Sikurudisha kibanio; nilipandisha zile sehemu tulivu kwa mkono, desibeli tatu, na kuongeza noti moja ya piano kwenye mwanzo ili sikio lipate pa kushika. Mfanyakazi mwenzangu alisema mzee wa fidla anamkumbusha harusi za kwao Makunduchi, sehemu ya wakati watu wanaanza kuondoka.

3 Agosti: Ulipofikia, na hesabu

Wimbo una dakika sita na sekunde kumi na moja. Fedha: vyombo vitatu 510,000, Maalim kwa siku mbili 120,000, nauli 38,000, bando 45,000, puto 4,000, leseni ya Reaper, benki ilikata 160,000. Jumla 877,000, na ukiwa tayari na kadi ya sauti na maikrofoni ni 507,000. Ningepunguza kitu, ningepunguza kinanda cha MIDI kwa kuazima. Posho ya mpigaji nisingeigusa.

Kinachobaki ni nai, filimbi ya mwanzi. Dakika ya tano bado nina filimbi ya kompyuta na inajulikana mara moja, haina pumzi. Mpiga nai yuko Pemba, anarudi mwisho wa mwezi, na nimeshamuuliza nai zake ni za skeli gani: ana ya sol. Nikimaliza nitaweka faili zima la mradi ili anayetaka alifungue na kunakili mipangilio, pamoja na rekodi ya ngazi. Traki ya Maalim haitakuwamo. Ile ni yake, na tumekubaliana alipwe kila itakapotumika.